Mbwa mwongozaji anapokwama: dalili, sababu na la kufanya kwenye barabara za Uganda

Mbwa mwongozaji hajui unakokwenda. Njia unaijua wewe kichwani: nyoosha hadi kituo cha boda, pinda kushoto, vuka, duka la dawa ni mlango wa tatu. Kazi ya mbwa ni kukupeleka kwa mstari ulionyooka, kusimama penye ukingo au ngazi, kukwepa vizuizi akihesabu upana wako na kimo chako, na kukutafutia vitu alivyofundishwa kama mlango au kiti. Hata kuvuka barabara unaamua wewe kwa kusikiliza magari. Mbwa hukataa amri yako akiona gari linakuja. Asiyejua mgawanyo huu humlaumu mbwa kwa kosa lisilo lake.

Matatizo yaliyomo humu ndiyo yanayojirudia. Kwa kawaida, anza na mwili wa mbwa, kisha vifaa, kisha njia, kisha watu waliomzunguka. Mafunzo yaje mwisho. Ukianza na mafunzo utamkemea mbwa mwenye mwiba kwenye unyayo, naye atajifunza kwamba kazi inaumiza. Dalili ya kwanza tunaianza na njia, na sababu yake utaiona hapo chini.

Mbwa hawa ni adimu Uganda, na mkufunzi mara nyingi yuko nchi nyingine. Afrika Kusini, kwa mfano, ina shule yao tangu 1953. Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza unamwangukia mwenye mbwa, jamaa zake na daktari wa mifugo wa karibu. Na fimbo nyeupe ya kukunja isitoke begini. Mbwa akiugua katikati ya Jinja Road, hiyo ndiyo itakayokufikisha nyumbani.

Anasimama ghafla na hataki kusogea

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba ameona hatari usiyoijua. Kampala hatari hiyo mara nyingi ni mtaro ulio wazi, au shimo la maji machafu ambalo mfuniko wake wa chuma umeibwa. Inaweza pia kuwa lundo la mchanga wa ujenzi, waya uliolegea usawa wa uso, au boda anayekuja kinyume juu ya njia ya waenda kwa miguu. Kukataa huku ndiyo kazi yenyewe. Usimsukume, wala usirudie amri kwa sauti ya juu.

Simama na ushike mpini, yaani kishikio kigumu cha mkanda anaouvaa mbwa kazini, bila kuuvuta. Telezesha mguu wa kulia mbele polepole, uzito wako wote ukiwa kwenye mguu wa nyuma, mpaka uguse ukingo au ujue hakuna kitu. Ukiwa na shaka, kunjua fimbo upime kina. Kisha pandisha mkono wa kulia mbele ya uso, kwa sababu kibao cha duka na tawi la mti havionekani kwa mguu. Ukikuta kizuizi, msifu mbwa papo hapo, ndipo umpe amri ya kukwepa. Sifa ikichelewa, hajui anasifiwa kwa lipi.

Wapita njia watataka kukusaidia. Mmoja atakushika mkono, mwingine atauvuta mkanda wa mbwa akisema, "Twende mzee, njia ni nyeupe." Yeye anatazama usawa wa macho yake, mbwa anatazama chini. Mjibu kwa upole: "Ngoja ssebo, usimshike mbwa. Niambie tu, mbele ya miguu yangu kuna nini?" Swali hilo humfanya atazame chini. Ukimuuliza "Ni salama?" atakujibu ndiyo bila kuangalia.

Ukishahakikisha njia ni wazi, kagua nyayo. Pitisha kidole katikati ya kila dole, miguu yote minne. Unatafuta mwiba, kipande cha chupa, lami iliyonata, na tekenya, mdudu anayejichimbia ndani ya ngozi. Tekenya kwa vidole huhisiwa kama punje ngumu chini ya ngozi, na anayeona ataona kipele chenye nukta nyeusi katikati. Usichokoe kwa pini; kidonda kichafu kitamweka mbwa nyumbani kwa muda mrefu kuliko tekenya mwenyewe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Sababu ya tatu ni joto, nayo ina sehemu yake hapa chini. Ya nne ni barabara isiyo na ukingo. Mbwa wengi hufundishwa kwenye miji yenye ukingo wa saruji, lakini barabara za murram (udongo wa changarawe) za Uganda hazina. Mbwa anafika njia panda, hapati alama aliyoizoea, anasimama katikati akikusubiri. Chagua alama nyingine ya kudumu: mahali lami inapokutana na murram, tuta, au nguzo ya umeme. Tembea naye hapo asubuhi tulivu, msimamishe kwenye alama, msifu, mpe punje ya chakula, rudia. Siku chache za marudio huwa zinatosha kwa njia moja; usimpe njia tatu kwa wakati mmoja.

Ukaidi wa kweli ni nadra na hauji wa kwanza kwenye orodha. Ukiushuku, mwombe jamaa anayeona awafuate nyuma hatua kadhaa, bila kumwita mbwa, aangalie ni nini kipo kwenye kona ile ile kila mara. Mara nyingi ni mbwa aliyefungwa kwenye geti, au jenereta.

Acha kazi mara moja kama anatetemeka, amekunja mgongo, au hauweki mguu chini. Vua mkanda, toa fimbo, ita gari, mpeleke kwa daktari.

Anakugongesha bega la kulia

Mbwa hutembea kushoto kwako. Upande wake ataukwepesha bila shida. Upande wako ndio anaopaswa kukumbuka. Ukianza kugonga nguzo, vioo vya magari yaliyoegeshwa na meza za wauza simu, tazama kwanza jinsi unavyosimama. Mguu wako unatakiwa uwe karibu na nyonga ya mbwa, mabega yote mawili yakitazama mbele. Anayejivuta nyuma au kutembea na kiwiko kilichotoka nje anajiongezea upana ambao mbwa hakuupima.

Kisha mkanda. Mpini uliolegea kwenye maungio humfanya mbwa asiuhisi mwili wako, nawe usihisi anapopinda. Ushike mpini uutikise kushoto na kulia: ukicheza sana, maungio yamechakaa. Fundi viatu mzuri anaweza kushona upya mshono wa ngozi uliofumuka kwa uzi wa nailoni, lakini asipunguze wala kuongeza urefu wa mpini. Urefu huo ulipimwa kwa kimo chako na cha mbwa, na ukibadilika kidogo tu hatua zenu hazilingani tena.

Kama msimamo na vifaa viko sawa, rekebisha kazi papo hapo:

1. Simama pale pale ulipogonga. Usimpige wala usimvute kola.
2. Gusa kizuizi kwa mkono, ukigonge taratibu ili mbwa akitazame.
3. Rudi nyuma hatua tatu au nne.
4. Toa amri ya kwenda mbele tena. Akikupitisha kwa nafasi, msifu na umpe punje.

Soko la Nakasero au Owino saa za jioni hata mbwa bora atakugusisha watu. Hilo si kosa. Pita humo kwa mwendo wa taratibu, au kaa na fimbo.

Tofauti kubwa: mbwa ambaye ghafla anaanza kugonga vitu yeye mwenyewe, hasa magharibi mwanga unapopungua, hana tatizo la mafunzo. Mwite anayeona atazame macho yake mchana. Ukungu wa kibuluu au mweupe juu ya mboni unaweza kuwa jeraha, magonjwa ya kupe, au nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mbwa wa kuongoza mwenye macho yenye ukungu hafanyi kazi hata siku moja. Kwa daktari leo, si kesho.

Anavuta kuelekea chakula

Njia za Uganda zimejaa vishawishi. Kuna mahindi ya kuchoma, mafuta ya rolex (chapati yenye mayai), mifupa ya muchomo (nyama choma) chini ya viti, na maganda yaliyotupwa. Labrador hasa, na wengi wa mbwa hawa ni Labrador au mchanganyiko wake, ni mlafi kwa asili.

Kabla ya yote uliza nyumbani nani anampa makombo. Mbwa anayelishwa kipande cha chapati mezani na watoto hawezi kuelewa kwa nini chapati ya barabarani ni mwiko. Chakula chake kiwe kwenye bakuli lake, asubuhi na jioni, saa zile zile, na kutoka kwa mtu mmoja. Hakikisha pia kwamba hana njaa ya kweli: mpapase mbavu. Unatakiwa kuzihisi chini ya tabaka jembamba la nyama. Zikichomoza, ongeza chakula au mpime minyoo. Zisipohisika kabisa, amenenepa, na punje unazomtuza njiani lazima zitolewe kwenye chakula chake cha siku, zisiwe nyongeza.

Njiani, kichwa chake kikianza kushuka utakihisi kupitia mpini kabla hajafika kwenye chakula: mpini unainama mbele na bega lake la mbele linazama. Hapo ndipo pa kusema neno la kuacha alilofundishwa, si baada ya kumeza. Akiinua kichwa, msifu na umpe kitu bora kuliko alichokiacha. Akiendelea kuokota, mkufunzi anaweza kushauri kola ya kichwa au kifuniko cha mdomo cha wavu kinachomruhusu kuhema na kunywa. Usimfunge mdomo kwa kitambaa au kamba. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na kwenye jua mdomo uliofungwa unaweza kumuua.

Kuokota si tabia mbaya tu. Watu hutega nyama yenye sumu ya wadudu wa mimea kwa mbwa wazururaji. Mbwa aliyeokota kitu kisha akaanza kutokwa na mate mengi, kutetemeka misuli, kutapika, kuhara au kuanguka, ana dakika chache za kuokolewa. Usimpe maziwa, mafuta wala mayai mabichi. Usimlazimishe kutapika akiwa anatetemeka au amelegea. Fungasha kilichobaki, au pakiti ya sumu ikipatikana, kwenye kavera (mfuko wa plastiki) na umpeleke mbwa nacho kwa daktari wa mifugo, huku mtu akipiga simu kumwambia mnakuja.

Anahema sana na kuburuta miguu mchana

Hapa hatari ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mbwa mwongozaji aliyelelewa vizuri huendelea kufanya kazi hata anapozidiwa.

Kabla ya kutoka, bonyeza mgongo wa kiganja kwenye lami au saruji na uhesabu taratibu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake pia hazitavumilia. Panga safari ndefu kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, hasa kuanzia Desemba hadi Februari, na zaidi kwa walioko Gulu, Arua au Kasese. Mbwa wa kilo 30 huhitaji takriban lita moja na nusu hadi mbili za maji kwa siku, na zaidi akifanya kazi juani. Beba chupa na bakuli la kukunjwa. Maji ya mtaro yana vijidudu na mafuta ya magari.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, likipimwa kwa kipimajoto kwenye tundu la haja. Vipo vipimajoto vinavyosema kwa sauti, navyo vinafaa kuwa nyumbani. Likivuka 40 baada ya kazi, mpumzishe kivulini mara moja. Likifika 41 ni dharura. Bila kipimajoto, dalili ni hizi: anahema kwa kelele bila kutulia hata kivulini, mate mazito ya kunata, fizi nyekundu iliyokolea, kuyumba, kutapika.

Mvue mkanda. Mmwagie maji ya kawaida ya bomba mwili mzima, hasa tumboni, kinenani na kwenye nyayo, na mpepee. Taulo lililolowa lisiachwe limemfunika, kwa maana hushika joto. Liloweshe tena na tena au liondoe. Mpe maji kidogo kidogo. Joto likishuka hadi 39.5 acha kumpoza, ili lisizidi kushuka. Hata akionekana amepona, daktari amwone siku hiyo hiyo, kwa sababu figo na damu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Amenyong'onyea, hali chakula, hataki kuvaa mkanda

Kwa Uganda, shuku kupe kwanza. Kupe wa mbwa hubeba magonjwa ya damu yanayoanza kimyakimya: uchovu, homa, chakula kinabaki bakulini. Baadaye fizi hupauka, mkojo huwa wa rangi ya chai nzito, au damu hutoka puani. Dalili zozote kati ya hizi tatu za mwisho ni za kwenda kliniki leo na kuomba kipimo cha damu. Zikiwahiwa hutibika. Usinunue sindano dukani ukamchoma kwa kubahatisha.

Ukaguzi wa kila jioni unachukua dakika tano kwa vidole vyenye utulivu. Anzia ndani ya masikio, kisha chini ya kola, kwapani, kati ya vidole, kinenani, chini ya mkia. Kupe aliyeshiba ni kama punje ya harage iliyolegea. Mdogo ni kama kichwa cha kiberiti. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha, mtumbukize kwenye spiriti. Mafuta ya taa na moto wa sigara humchoma mbwa.

Kinga nzuri ni vidonge vya kutafuna vya kila mwezi au kila wiki kumi na mbili, au kola maalumu ya kupe, kwa kipimo cha uzito wa mbwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimguse. Nguvu yake imepimwa kwa mnyama mwingine, na mbwa hujilamba.

Vivimbe vyenye tundu dogo katikati, vinavyouma na kama vinachezacheza, huwa ni funza wa inzi wa embe. Mayai hutagwa kwenye udongo wenye unyevu na nguo zilizoanikwa kivulini. Paka vaseline juu ya tundu ili funza akose hewa na ajitokeze, kisha mtoe mzima kwa upole. Akipasuka ndani, uvimbe huiva usaha. Matandiko ya mbwa yapigwe pasi ya moto pande zote mbili, naye asilale kwenye udongo mbichi.

Kukataa mkanda kunaweza pia kuwa ni michubuko. Papasa kwapani na kifuani palipogusana na ngozi ya mkanda. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na mwili. Visipopita unabana, vikipita vinne unasugua. Mkanda ulionyeshewa ukaushwe kivulini, upakwe mafuta ya ngozi, na kutu ya vifungo isuguliwe kabla haijamchana.

Anajisaidia akiwa kazini

Karibu kila mara ni ratiba. Chakula kikitolewa saa zilezile, haja nayo huja saa zilezile. Mtoe mahali pake kabla ya kuvaa mkanda, tumia neno lake, msubiri dakika tano. Beba kavera kila safari. Vaa kavera mkononi kama glavu, fuata mgongo wake kwa mkono mwingine hadi ujue alipochuchumaa, okota, geuza kavera ndani nje.

Akiharisha, fikiria alichokula juzi na jana. Kubadilisha chakula ghafla ni kisababishi kikubwa, kwa hiyo changanya cha zamani na kipya kwa siku saba. Wanaopika nyumbani kwa mukene (dagaa) na posho (ugali) wawe waangalifu na unga: mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu inayoua ini la mbwa, na kupika hakuiondoi. Kitunguu, chokoleti, zabibu na mifupa iliyopikwa ni marufuku. Kuhara kuliko na damu, au kuliko na kutapika, au kunakozidi siku moja, ni kwa daktari.

Mbwa wazururaji wanamsumbua

Wakibweka kwa mbali, endelea kutembea kwa mwendo ule ule na uongee na mbwa wako kwa sauti ya kawaida. Wakikaribia, simama na ufungue mwavuli kuelekea upande wao. Kufunguka kwake kwa ghafla hufukuza wengi. Wakimrukia, achia mpini, shikilia kamba tu, ita watu kwa sauti: "Jamani, mbwa wananishambulia, nisaidieni!" Mikono yako isiingie kati ya mbwa wanaopigana.

Jeraha lolote la meno, lako au la mbwa, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Wewe nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ueleze kuwa umeng'atwa, bila kusubiri kuona kama aliyekung'ata atakufa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Mbwa wako aende kwa daktari wa mifugo na kadi yake ya chanjo. Chanjo hiyo hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu, na Uganda ihuishwe kila mwaka.

Baada ya shambulio, mbwa anaweza kuanza kujificha nyuma yako au kukataa mtaa ule. Mpumzishe siku chache, umtembeze bila mkanda, kisha njia fupi na rahisi. Hofu isipoisha ndani ya wiki mbili, mkufunzi anahitajika. Usimlazimishe kupita mahali alipong'atwa.

Taksi, mkahawa au ofisi inamkataa

Tatizo hili si la mbwa, lakini ndilo linalowarudisha watu nyumbani kuliko mashimo yote. Sababu ya kwanza ni woga: watu wengi Uganda wanamjua mbwa kama mlinzi wa geti. Ya pili ni uchafu. Ya tatu, kondakta wa taksi, yaani basi dogo la abiria, anahesabu nafasi.

Zungumza kabla mlango haujafunguliwa, na ujibu hofu zote tatu kwa pamoja: "Kaka, naenda Ntinda. Siwezi kuona, mbwa huyu ndiye ananiongoza. Analala chini miguuni mwangu, hapandi kiti, amechanjwa, kadi hii hapa." Afadhali safu iliyo nyuma ya dereva kuliko kiti cha mbele: kwenye HiAce injini iko chini ya viti vya mbele na sakafu pale hupata moto. Mlango wa kuteleza ni hatari kwa mkia. Shika mkia kwa mkono mpaka usikie mlango umefungwa. Mbwa huyu hapandi boda kwa hali yoyote. Bila taksi, kodi gari.

Askari wa mlangoni akikataa, omba msimamizi kwa utulivu. Katiba ya 1995, ibara ya 21, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na ibara ya 35 inatambua heshima ya watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2020 inakataza kubaguliwa katika huduma. Uganda pia iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara yake ya 20 inatetea uhuru wa mtu kutembea kwa namna anayoichagua. Andika tarehe, saa na mahali, kisha peleka malalamiko kwa chama cha wasioona au Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Ugomvi mlangoni humchanganya mbwa na haukufikishi ndani.

Kwa majirani na abiria Waislamu, heshima hufungua njia. Qurani, 5:4, inaruhusu mnyama aliyefunzwa kuwinda, na mjadala mkubwa wa wanafikihi ni juu ya mate na unyevu wake. Basi mbwa awe mkavu, mdomo umefutwa, akae upande wa mbali na kanzu ya mtu. Msikitini, zungumza na imamu mapema kuhusu mahali pa kumwacha nje ya sehemu ya swala, penye kivuli na mtu wa kumwangalia.

Hasikii amri kama zamani

Sikiliza nyumbani kwanza. Mbwa alifundishwa maneno fulani kwa lugha fulani; shangazi akimwita kwa Luganda, watoto kwa Kiswahili na wewe kwa Kiingereza, maneno yote yatapoteza uzito. Andikeni orodha ya maneno yake, mkubaliane kwamba amri za kazi hutoka kwa mtu mmoja. Akiwa amevaa mkanda, hakuna wa kumshika, kumwita wala kumpa chakula. Mkanda ukivuliwa, acheze na kila mtu.

Pili, masikio. Kutikisa kichwa, harufu mbaya na uchafu wa kahawia, hasa msimu wa mvua, ni maambukizi. Daktari atoe dawa. Usimwingize pamba ya kijiti.

Tatu, umri. Wengi hustaafu wakiwa na miaka minane hadi kumi. Mbwa anayechelewa kuinuka asubuhi, anayepunguza mwendo kwenye kilima alichokizoea na anayegeuza kichwa mkanda ukiletwa, amesema anachoweza kusema. Maombi ya mbwa mwingine yaanze hapo, kwa kuwa yanachukua muda mrefu.

Ukimpigia mkufunzi

Mtumie video mbili za dakika mbili, moja ikiwa imepigwa kutoka nyuma na nyingine kutoka kulia, bila anayepiga kuongea. Ongeza uzito wa mbwa, alichokula, tarehe ya mwisho ya dawa ya kupe na minyoo, lini tatizo lilianza, saa ngapi hutokea na kwenye njia gani, na uliyokwisha jaribu. Mwambie pia kama kuna aliyeongezeka nyumbani, au kama mmehama. Sumu, joto kali, fizi zilizopauka na meno ya mbwa mwingine havisubiri jibu lake: hayo ni ya daktari kwanza, simu ya mkufunzi baadaye.